Mfuate Mchoraji Mmoja Mwaka Mzima

Ukitamka neno "msanii" ndani ya daladala ya Dar es Salaam, kila abiria atamwona mtu aliyeshika maiki. Muulize aliyekaa dirishani akutajie wasanii watano. Atakutajia waimbaji watano bila kuvuta pumzi, na huenda akakuonjesha na kiitikio. Sasa mwombe akutajie mchoraji mmoja aliye hai, anayefanya kazi leo katika mji huu huu. Atanyamaza. Nimewauliza wengi, wakiwemo walimu wenzangu, majirani na ndugu zangu wa damu, na kimya ni kile kile. Si kwamba wachoraji hawapo. Wapo, na baadhi ya kazi zao zimeshatundikwa Nairobi na Venice kabla mtu wa Kinondoni hajaziona hata kwenye simu.

Sababu ninayopewa mara nyingi ni moja: "Mimi mambo hayo siyaelewi." Huwa inaniuma, maana aliyeisema hajawahi kusema haelewi taarabu. Taarabu aliikuta nyumbani, akaisikia harusini, akaisikia kwa jirani, na sikio likazoea lenyewe kabla hajajua kuna kitu cha kuelewa. Jicho nalo hujengeka hivyo hivyo, kwa kurudiarudia. Kwa hiyo mwongozo huu haukutaki uzungukie majumba kumi ya sanaa kwa wiki moja. Unakutaka umpate mtu mmoja, uifuate kazi yake kwa miezi kumi na miwili. Nimelifanya hilo mwenyewe, na haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningependa ningepewa siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza: Anzia kabatini

Toa kanga, itandaze kitandani, uiangalie kama vile huijui. Kuna pindo, kuna mji, kuna jina. Sasa jiulize: rangi ya pindo inaubeba mji au inaupiga vita? Jina linasema na michoro, au limewekwa tu? Mama anayesimama Kariakoo mbele ya doti mia, akazikataa tisini na tisa na kuchukua moja, ana jicho. Amelinoa kwa miaka thelathini bila kuambiwa kwamba anachofanya kina jina.

Jicho hilo hilo linafika mbali. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, na mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Miongoni mwa kazi zake zimo picha alizozijenga kwa umbo la kanga: pindo, mji, na maneno yanayomsemesha anayetazama. Wanaoziona picha hizo London wanahitaji maelezo ukutani ili wajue kanga ni nini. Wewe huhitaji. Ukikutana nazo, hata kwenye kioo cha simu, unaingia ukiwa umeshavuka mlango ambao wengine bado wanautafuta.

Ukimaliza na kanga, nenda Oysterbay kwenye mabanda ya Tingatinga. Najua, umeshaziona: tembo, twiga, ndege mwenye mkia mrefu, Kilimanjaro kwa nyuma. Umeziona mara nyingi hadi umeacha kuzitazama, na ndiyo maana nakupeleka huko. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya ubao wa kuezekea dari na kwa rangi zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi, waliomdhania mtu mwingine. Alichora kwa miaka michache mno. Lakini jamaa zake na vijana aliowafundisha waliendelea, nao wakafundisha wengine, na leo unachokiona pale ni kazi za mikono mingi iliyotoka kwenye mkono mmoja.

Zoezi lako ni hili. Pita polepole mbele ya picha hamsini zinazofanana, utafute mkono ambao haufanani. Angalia jicho la mnyama. Wengine huweka nukta moja na kusonga mbele, mwingine anaweka duara ndani ya duara mpaka mnyama anakutazama. Angalia mandhari ya nyuma: je, rangi imebadilika taratibu kutoka njano hadi chungwa, au imekatika? Angalia mahali mabaka ya chui yanapofika kwenye ukingo wa mwili, kwa sababu hapo ndipo mvivu hujulikana. Saa moja ikiisha utakuwa umeshampata mmoja unayemtambua kutoka mbali bila kusoma sahihi. Hilo ni jambo kubwa.

Hatua ya pili: Nenda kazi inakofanyika

Ukutani picha imeshamaliza kusema na aliyeichora. Kwenye karakana bado wanabishana, na wewe unaweza kusikia.

Dar es Salaam, nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, kwenye eneo la viwanda vidogo. Ilianzishwa mwaka 2008, na karakana zake ni makontena ya meli yaliyogeuzwa vyumba vya kazi. Ukipita katikati yake unasikia msumeno huku, redio kule, na harufu ya tapentaini inakufuata. Nairobi kuna Circle Art Gallery na One Off kwa anayetaka maonesho yaliyopangwa vizuri, kuna taasisi ya NCAI iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, na kuna Wajukuu, kundi la wasanii wa Mukuru ambalo mwaka 2022 lilialikwa kwenye maonesho makubwa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Kampala wana 32° East. Lubumbashi wana Picha, waandaaji wa maonesho yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Nisiendelee kuorodhesha, orodha haijawahi kumtoa mtu kwenye kochi. Chagua palipo karibu nawe kwa nauli, maana utaparudia.

Adabu ya pale ni ya nyumbani kwa mtu. Piga hodi hata kama mlango uko wazi. Salimia kwanza, umri uheshimiwe. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiguse kitu, hasa kile kinachoonekana kama takataka pembeni, kwa sababu mara nyingi hicho ndicho kazi yenyewe. Wala usiogope kwamba utalazimishwa kununua. Miaka yote hii hakuna msanii aliyewahi kunifukuza kwa sababu nimekuja kutazama tu.

Hatua ya tatu: Dakika kumi mbele ya kazi moja

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Weka simu mfukoni, simama mbele ya kazi moja kwa dakika kumi kamili.

Dakika mbili za kwanza utaona mada. Ya tatu utachoka. Ya nne utaanza kutafuta wa kuongea naye. Usiondoke, maana kuanzia dakika ya tano jicho hukosa pa kukimbilia na huanza kufanya kazi.

Nitakueleza lilivyonitokea mimi. Ilikuwa chapa ya mbao, nyeusi na nyeupe, si kubwa kuliko kurasa mbili za gazeti. Wanawake watatu wakikaanga samaki kwenye soko la Feri. Hayo niliyaona papo hapo: makarai, miguu, kanga zilizofungwa kiunoni, na moshi mwingi. Nikasema moyoni, nzuri, nimeshaona. Nikajilazimisha kubaki. Baadaye nikagundua kwamba wanawake wote watatu hawana nyuso. Moshi umepita pale pale uso ulipopaswa kuwa. Kisha nikaona moshi haukuchorwa. Ni karatasi tupu. Kila uzi wa moshi ulikuwa mfereji mwembamba mahali ambapo mbao ilichimbwa ikaondolewa, wino haukufika, na karatasi ikabaki nyeupe. Kwa maneno mengine, msanii alikuwa amewaondoa wale mama kidogo kidogo kwa patasi, kama moshi wa kweli unavyowaondoa mbele ya macho ya mteja anayesubiri samaki wake. Nimekula samaki wa Feri maisha yangu yote. Sikuwahi kujiuliza nyuso zile zinakwenda wapi.

Yote hayo yalikuwa mbele yangu tangu dakika ya kwanza. Nisingeyapata kwa kusoma maelezo ukutani, na wala hayakuwapo maelezo.

Ukikaa mbele ya kazi, jipe maswali ya macho matupu. Jicho langu linaingilia wapi, na linatokea wapi? Mahali gani pamefanyiwa kazi sana, na mahali gani pameachwa? Mtu huyu alikuwa na haraka au subira? Nikifunika kona hii kwa kiganja, picha inapungukiwa na nini? Swali la mwisho ni zuri hasa. Kazi dhaifu ukiifunika kona haishtuki.

Hatua ya nne: Uliza mikono kabla ya maana

Wageni wengi wanapokutana na mchoraji huuliza, "Hii inamaanisha nini?" Ni swali la haki, lakini likija la kwanza hufunga mlango. Msanii aliyekaa miezi miwili na kazi hana sentensi moja ya kukupa, kwa hiyo atakupa ile aliyoizoea kuwapa watu, kuhusu amani au utamaduni wetu, nanyi mtaagana.

Uliza jinsi ilivyotengenezwa. Siku ile niliuliza aliyechonga wale mama wa Feri ni nani, nikaelekezwa kontena la tatu. Ndani alikuwamo binti wa miaka ishirini na kitu, mikono imejaa wino hadi viwikoni.

"Shikamoo mama. Karibu, usiegemee hapo, pabichi."

"Marahaba mwanangu. Hivi ukikosea, unafuta na nini?"

Alicheka, akaweka rola chini. "Hakuna kufuta, mama. Mbao ikishatoka hairudi tena. Unakaa na kosa mpaka liwe sehemu ya picha." Akanionyesha kibao chenyewe. Nikaona wale mama wamegeuka, aliyekuwa kulia yuko kushoto, kwa sababu chapa hutoka kinyume na kibao. Akanionyesha anavyopaka wino kwa rola, anavyolaza karatasi juu yake, na anavyosugua mgongoni mwa karatasi kwa mgongo wa kijiko, kijiko cha kawaida cha kulia wali, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Mashine ya kuchapia hakuwa nayo. Kila nakala ilimchukua karibu saa nzima ya kusugua. Tukaongea saa mbili, na maana ikaja yenyewe katikati ya kijiko na wino: mmoja wa wale mama ni shangazi yake.

Vifaa husema zaidi ya tunavyodhani. Michael Armitage, niliyemtaja, alizaliwa Nairobi mwaka 1984 na huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa Uganda. Waganda wamekitumia kwa karne nyingi, pamoja na kuzikia wafu wao. Gome lina matundu na mishono, na Armitage hayafichi. Ukijua hilo, tundu katikati ya uso wa mtu kwenye picha yake huwezi tena kulipita kama kasoro.

Usiache pia kusikiliza lugha. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Katanga, katika miaka ya 1970 aliichora historia ya nchi yake kwa picha zaidi ya mia moja, na akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha hizo moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha huko kwao. Maelezo yale yalirekodiwa na baadaye kuchapishwa. Nakutajia hili kwa sababu nimekutana na wasanii wetu wanaoandika maelezo ya kazi zao kwa Kiingereza peke yake, wakiamini ndiyo lugha ya ukuta. Waulize kwa Kiswahili. Utaona mabega yanashuka, na maneno yanakuja mengine kabisa.

Hatua ya tano: Soma kibandiko

Hii ni fupi. Kando ya kazi huwa kuna kibandiko chenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa na vipimo. Soma baada ya kutazama. Mwaka utakuambia kazi hii ni ya mwanzo au ya juzi. Vifaa vitakuambia uitazame vipi: akriliki hukauka kwa dakika, rangi ya mafuta huchukua siku na hata wiki, kwa hiyo mabadiliko ya taratibu unayoyaona kwenye mafuta yalifanywa rangi ikiwa mbichi.

Kwenye chapa utakuta kwa chini, kwa penseli, nambari kama 7/20. Maana yake ni nakala ya saba kati ya ishirini. Zikishafika ishirini msanii hachapishi nyingine kutoka kibao kile. Herufi A.P. ni nakala chache alizojiwekea mwenyewe. Kwa hiyo chapa si fotokopi. Kila moja imepita mkononi mwake, na ukiziweka mbili pamoja utaona wino haukukaa sawasawa.

Hatua ya sita: Sasa mfuate

Umeshampata. Huenda si maarufu kuliko wote uliowaona, na hilo lisikusumbue. Chagua yule ambaye kazi yake uliifikiria ukiwa njiani kurudi nyumbani.

Nunua daftari la kawaida. Kila unapoiona kazi yake, iwe karakanani, kwenye maonesho au Instagram, andika tarehe na mistari mitatu: nimeona nini, nini kipya, nini sikukipenda. Cha mwisho hicho usikiruke. Mapenzi yasiyo na "hapana" ndani yake hayakufundishi kitu. Mimi kwa miezi minne niliandika kwamba michongo ya binti yule imejaa mno, hakuna pa kupumulia, na mwezi wa tano nikaikuta chapa ya mtumbwi mmoja tu katikati ya karatasi nyeupe. Sikumwambia kitu mimi. Alikuwa anaelekea huko mwenyewe, nami niliona kwa sababu nilikuwa njiani naye.

Mtumie ujumbe mara moja moja. Usiandike "kazi nzuri dada", hiyo anaipata kwa wingi. Mwandikie kitu kimoja ulichokiona: "Ule mkono wa kushoto umeuacha bila vidole, nimeukumbuka siku nzima." Utashangaa majibu utakayopata. Wasanii wetu wana wanaowasifu wengi na wanaowatazama wachache.

Mwezi wa sita hivi, nenda kwenye maonesho ya pamoja ambamo kazi yake imetundikwa kati ya za wengine. Hapo ndipo utajua kama unamjua. Ingia bila kusoma vibandiko, umtafute.

Hatua ya saba: Waulize waliomtangulia

Hakuna mchoraji aliyeota kama uyoga. Muulize alifundishwa na nani, na huyo alifundishwa na nani. Uzi wangu ulianza na binti wa kontena la tatu, ukaenda kwa mwalimu wake, ukafika kwa watu waliojifunza uchapaji Nyumba ya Sanaa.

Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, na jengo lake halipo tena. Ndimo alimofanyia kazi George Lilanga, Mmakonde wa Masasi aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005. Ukitaka kuona furaha imechorwa na mtu anayejua njaa, mtafute Lilanga: mashetani yake yana masikio makubwa, midomo iliyoning'inia, na yote yanafanya yale tunayoyafanya sisi, yanacheza, yanapika, yanasengenya. Yametoka kwenye vinyago vya mpingo, yale ya mtindo wa shetani unaouona hadi leo kwenye soko la vinyago la Mwenge. Nilipojua hivyo, nilirudi kwa wale mama wa Feri nikaona mikono yao mirefu inayopinda bila kiwiko, na nikajua imetoka wapi. Binti mwenyewe alikuwa hajalifikiria.

Uzi ukiuvuta zaidi unafika Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoasisiwa na Margaret Trowell, ambako walisoma vijana wawili wa Kilimanjaro. Wa kwanza ni Sam Ntiro, aliyechora mwaka 1956 wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na mwaka 1960 Museum of Modern Art ya New York ikainunua picha hiyo. Baadaye alikuwa balozi wetu London. Wa pili ni Elimo Njau, ambaye katika miaka ya 1950 alichora ukutani, katika kanisa kuu la Murang'a nchini Kenya, maisha ya Kristo mweusi katikati ya vilima vya Wakikuyu. Mwaka 1965 alianzisha Nairobi kituo cha Paa ya Paa. Msomaji wa Kiswahili jina hilo analionja peke yake: paa yule mnyama, na kupaa. Mwaka 1997 moto uliunguza kituo hicho pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo, na kikaanza tena.

Moto ule ndio ulionifanya nianze kupiga picha kila kazi ninayoruhusiwa kuipiga, na kuandika jina, mwaka na mahali. Kumbukumbu za wachoraji wetu zimekaa kwenye madaftari ya watu binafsi kuliko kwenye maktaba. Daftari lako ni mojawapo sasa.

Usidhani uzi unarudi nyuma tu. Tanzania ilipata banda lake la kwanza kwenye maonesho ya Venice mwaka 2024, na kati ya waliopelekwa alikuwamo Lute Mwakisopile, mchapaji wa mbao. Uganda ilitangulia mwaka 2022, ikatambuliwa kwa heshima maalumu. Walio kontenani leo wanajua hayo, na wanachonga wakijua.

Hatua ya nane: Nunua kidogo, utunze sana

Si lazima ununue. Lakini kitu kikikaa ukutani kwako utakitazama alfajiri ukitafuta chai, utakitazama ukiwa na homa, na hakuna jumba la maonesho litakalokupa hayo.

Anza na chapa au mchoro wa penseli kwenye karatasi. Ni nafuu kuliko turubai. Uliza bei bila aibu. Kubishana bei kama tunavyobishana kwa vinyago Mwenge si mahali pake hapa, kwa sababu bei ya karakanani haikuongezwa ili ipunguzwe. Kama ni kubwa kwako, sema kweli, omba kulipa kwa awamu au uliza kama ana kazi ndogo zaidi. Chukua risiti yenye jina la kazi, mwaka na nambari ya nakala, iliyotiwa sahihi.

Kisha fremu, na hapa nisikilize vizuri. Niliponunua wale mama wa Feri niliwapeleka kwa fundi wa fremu mtaani. Nikamwachia, nikaenda zangu. Jioni nikakuta fremu imependeza, kioo kinang'aa, na karatasi imekatwa pande zote ili itoshee. Kipande cha chini kilichokuwa na nambari, jina la kazi na sahihi ya penseli kilikuwa kimeshafagiwa. Fundi hakuwa na ubaya wowote. Aliona nafasi nyeupe isiyo na kitu. Niliumia, na nikajua kosa lilianzia kwangu, sikumwambia. Nilikaa wiki tatu kabla ya kumweleza binti. Aliniomba niitoe kwenye fremu, akaandika upya nyuma kwa penseli, akaongeza maneno mawili: "imekatwa, 2021".

Kwa hiyo mwambie fundi, na umwandikie kwenye karatasi: usikate, usibandike kwa gundi wala seloteipu, weka kadibodi ya ukingo ili kioo kisigusane na karatasi. Nyumbani, usitundike jua linapopiga moja kwa moja, maana rangi hupauka. Pwani tuna adui mwingine, unyevu: epuka ukuta unaopigwa na mvua kwa nje na ule unaopakana na bafu, na masika yakianza geuza fremu mara moja kwa mwezi uangalie ukungu na mchwa nyuma yake.

Hatua ya tisa: Mwalike

Mwaka ukiisha, mwalike msanii wako aje aone kazi inapokaa. Wengi hawajawahi kualikwa. Kazi ikishauzwa hawaioni tena. Pika. Mwambie aje na daftari lake, wewe uwe na lako, na usimfiche ulichoandika.

Wangu alikuja Jumapili, akiwa na mfuko wa maembe. Alisimama mbele ya wale mama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, mikono nyuma, kama mtu aliyekutana na ndugu waliopotezana.

"Mama," akasema, "huu moshi leo nisingeuchonga hivi."

"Ungeuchongaje?"

Akakaa mezani. Hakukuwa na kalamu karibu. Akachovya kidole kwenye glasi yake ya maji, akaanza kuchora juu ya mbao ya meza, polepole, kutoka chini kwenda juu, nami nikasogeza sahani ili apate nafasi.